Ukuta wa Bafuni

Shoga, kabla ya alfajiri nilisikia ukuta wa bafuni ukigongwa. Ko. Ko. Polepole, kama anayegonga ameishiwa nguvu.

Nikamwamsha mwanangu, niliyekuja kumtembelea huku ughaibuni. Unajua alinijibu nini? "Ni yule bibi wa jirani, Mama. Anagonga tangu jana jioni. Huku hatuingiliani, ndiyo maana tunaishi kwa amani."

Tangu jana jioni! Huyu huyu anayeniimbia kila siku kwamba kwetu hakuna maisha, kwamba huku ndiko kuna maji moto na umeme usiokatika!

Nikatoka na nguo ya kulalia, nikamkokota aje anitafsirie. Mlango wa jirani ulikuwa umerudishiwa tu.

Bibi wa watu yuko sakafuni, miguu imekataa, nguo zimelowa. Na bado anatuomba radhi kwa kutuamsha!

Maji moto yapo, shoga. Bomba liko hatua mbili kutoka alipolala.

Nikamwosha, nikamvisha, tukamlaza kitandani. Akanishika mkono, akanong'ona kitu kwa lugha yao. Nikamgeukia mwanangu. Akatazama chini.

"Mama, anaomba kesho uje tena."