Mchumba wa Odessa na Vibao vya Natchez

Natchez, Jumatatu

Cleophus mdogo wangu,

Mguu wangu bado unauma, mbwa bado ana viroboto, na mchungaji bado anahubiri mpaka kuku wetu wanaungua jikoni. Kwa hiyo tu wazima.

Dada yetu Odessa kapata mchumba, Bwana Purnell, mzee wa miaka sabini mwenye viatu vinavyong'aa kuliko meno yake. Anaapa kazaliwa hapa hapa na hajawahi kuhama. Kila Jumamosi humtembeza dada: majumba ya nguzo nyeupe, ukingo unaotazama mto, mahali walipouzwa babu zetu. Mimi huwafuata nikijifanya namtembeza mbwa. Kila wafikapo, Purnell husoma kwanza kibao cha maelezo kilichosimikwa hapo, ndipo aeleze. Mzaliwa gani huyo?

Jana mezani nikamchokoza. "Shemeji, ule ukumbi wa dansi ulipoungua mwaka wa arobaini, kwenu alikufa nani?"

"Ukumbi gani?" akauliza, mdomo umejaa samaki.

Cleophus, hapa hakuna familia ya watu weusi ambayo haikulia siku ile. Sisi tulimzika dada Lucinda akiwa na kiatu kimoja tu mguuni.

Nilidhani Odessa atanifokea, kama kawaida yake. Wapi! Alimwongezea samaki, akamwambia taratibu, "Kula, Bwana Purnell. Jumamosi hii nitakutembeza mimi."

Harusi ni mwezi ujao, lakini suti yako usiipige pasi kwanza.

Ni mimi kaka yako, bado sijafa,
Elzie