Meno ya Juu Yalitangulia

Mpendwa Bi Mwanakheri,

Shikamoo. Nimeahirisha kukuandikia mara tatu, leo naomba unisaidie kwa sababu nimechoka, na uchovu wangu si wa jembe wala wa kulea, ni uchovu wa kuishi nyumba moja na mtu anayenikwepa nami sijui nimemkosea nini.

Nina miaka ishirini na miwili, kwetu ni Kisarawe, anakoishi mama yangu sasa, lakini nimekulia Dar es Salaam, ambako marehemu baba yangu alifanya kazi kwa daktari wa meno, akisafisha chumba na kuchemsha vyombo, na daktari huyo aliponiona nina meno yaliyotokeza hata midomo haifungi alimwambia baba anilete, basi nikafungwa waya miaka miwili, nikala uji na kulia, na waya zilipotolewa nikapewa kipande kidogo cha rangi ya ufizi chenye waya kwa mbele, kinakaa juu kwenye kaakaa, yeye alikiita pleti, akaniambia nilale nacho kila siku kwa miaka mingi maana meno hayasahau kwao.

Sasa nimeolewa na Abeid hapa Magindu, mkulima, mtu mpole, tunakaa na mama yake, Bi Sikudhani, ambaye tulikuwa tukitwanga pamoja na kucheka pamoja hadi asubuhi moja, nikiwa na mimba ya miezi saba, alipoingia chumbani kwangu kutafuta kikombe akakikuta kina maji na ndani yake mna pleti, akaniuliza hiki ni nini, nami kwa haya na haraka nikamjibu, "Ni dawa yangu, mama. Meno yangu ya juu yalitangulia, ndiyo daktari akayatengeneza." Akakiweka kikombe chini polepole akatoka. Tangu siku ile hanywi chai niliyoitia mimi. Baada ya siku chache akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia msiba, "Wazee wako walikuosha?" Nikamwambia, "Nilioshwa, mama, kila mwezi, tena kwa maji ya dawa, na daktari mwenyewe." Akasema, "Daktari," akaenda zake.

Nikajua ananiona mchafu, pengine anadhani nimevaa meno ya maiti, basi nilipojifungua nikaacha kuivaa pleti ili kumridhisha, nikawa naifunga kwenye pindo la kanga isionekane, ikanidondoka shambani, nikaitafuta kutwa katikati ya matuta ya muhogo mtoto akilia mgongoni, nikaipata, lakini mama mkwe hakubadilika hata kidogo. Binti yetu Swaumu sasa ana miezi saba, na kila asubuhi nikishamwogesha, bibi yake humchukua hadi mlangoni penye mwanga, akampitisha kidole kwenye ufizi, juu kwanza, kisha chini, halafu ananirudishia bila kumbusu.

Juma lililopita nikajitazama kwenye kioo nikaona jino moja la mbele limeanza kutokeza tena, nikaijaribu pleti ikakataa, nikaimwagia maji ya moto ya birika nikidhani italainika, sasa imepinda na inanichoma zaidi, na Abeid ananiambia, "Itupe, mke wangu, mimi sikukuoa kwa ajili ya meno," ni maneno mazuri, lakini yeye haishi ndani ya kinywa changu. Naomba uniambie, niitupe chooni nipate amani na mama mkwe, au niivae nikose amani? Sina nguvu ya kuwaza tena.

Mimi Niliyechoka,
Magindu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo vumilia yote mawili.

Tuanze na hiyo pleti, maana ndiyo jambo jepesi. Usiitupe. Usiilazimishe kuingia, usiichonge kwa kisu, na nakuomba usiikaribishe kwenye birika tena. Pleti huoshwa kwa maji baridi na mswaki laini, na maji ya moto huipotosha isirudi ilivyokuwa. Iliyokwisha kupinda haitakufaa. Panda gari moshi hapo Magindu kabla ya mwezi huu kwisha, uende kwa daktari yule au atakayekuwa amekaa mahali pake, akutengenezee nyingine wakati jino limesogea kidogo tu. Ukipewa, ulale nayo kila siku, na ukiitoa iweke kwenye kikopo chenye kifuniko. Pindo la kanga si mahali pa kuweka kitu ulichokipata kwa kulia miaka miwili.

Sasa mama mkwe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nawe ulijikwaa ulimi bila kujua. Umelelewa mjini, lakini hata mjini neno hili lipo. Ulimwambia meno yako ya juu yalitangulia. Wewe ulimaanisha yalitokeza mbele ya yale ya chini. Yeye alisikia kwamba ulipokuwa mtoto mchanga ya juu ndiyo yaliyoota kwanza, na kwa wazee wa huko mtoto wa namna hiyo ni kigego, mwenye mkosi, anayeua watu wa nyumba aliyomo. Alipokuuliza kama wazee walikuosha hakuwa anaulizia kinywa. Aliulizia dawa ya kuondoa mkosi, na wewe ukamjibu habari za kusukutua. Ningecheka, kama asingekuwapo mtoto.

Kwa hiyo bibi huyo hana kinyaa nawe. Anaogopa. Amekaa miezi yote hii na mtu anayemdhania kigego, asimfukuze wala asimtangaze kwa majirani, na kila asubuhi anapapasa ufizi wa mjukuu wake akiomba asikute kitu juu. Naye amechoka, mwanangu, kama wewe. Lakini nakulaumu, kwa sababu kuuliza si ujinga, na miezi tisa hukumwuliza, "Mama, kuoshwa gani?" Abeid namlaumu zaidi. Aliyekulia nyumba hiyo ni yeye, na anajua kidole cha mama yake kinatafuta nini.

Mwandikie mama yako Kisarawe aje, maana jino la kwanza halikumbukwi na mwenyewe. Aketi na mama mkwe wako aseme kwa kinywa chake ni lipi lilianza. Nawe useme, "Mama, nilisema vibaya, yalitokeza, hayakutangulia." Mwonyeshe pleti, aishike.

Hayo yatakutoa lawamani wewe. Hayatamtoa Swaumu. Mwezi wake wa saba ndio huu, jino liko njiani, na hakuna daktari wala bibi anayeliamuru lipite wapi. Likija chini, mtacheka wote. Likija juu?

Mimi ninayekuandikia, lilikuja juu. Bibi yangu mzaa baba alimwambia mama anitoe nyumbani, na siku zile kila mwanamke alijua mtoto akitolewa anapelekwa wapi, na kwamba harudi. Mama hakubishana. Alinifunga mgongoni akatembea nami hadi kwao Chole ya Kisarawe, na hakurudi kwa mumewe tena. Nina miaka hamsini na minne. Watu wa nyumba ile wamekufa, ndiyo, kwa ndui, kwa vita, kwa uzee, kama watu wa nyumba nyingine, na mimi nilikuwa mbali nao wote. Baba yangu alikuwapo siku ile, ameketi barazani. Mama aliniambia hakusema ndiyo wala hapana.

Basi usingoje jino. Leo hii, Abeid akirudi shamba, mwulize mbele ya mama yake: likitokea juu, mtoto anakaa au hakai? Akijibu anakaa, mshukuru Mungu, mpikie, na upange safari yako ya kwa daktari. Akinyamaza, usimngoje afikiri. Mfunge mtoto mgongoni.

Bi Mwanakheri