Ukurasa Nilioruka

Mama yangu mupendwa,

Salamu nyingi kutoka Kanada. Uko namna gani? Mgongo unakuacha ulale? Na huko Songo, maji ya bomba yamerudi ao bado munachota ziwani? Sisi huku tuko wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Barua hii uisome weye mwenyewe, polepole. Kwenye simu nimejaribu mara tatu kukwambia, na kila mara nikaishia kuuliza habari ya mihogo.

Nasikia uliwaambia watu wa kanisa kwamba mdogo wako, Mama Mapendo, amehamia nyumba mpya, na kwamba ni minye nilimsaidia. Nakueleza sasa namna nilivyomsaidia.

Binti yake Riziki alitafuta nyumba kwa sababu ya nyonga ya mama yake, ile aliyoivunja akishuka milima ya Lemera. Kampuni moja ya ujenzi ikatuonyesha nyumba ya mfano: chumba cha kulala chini, bafu pembeni. Mama Mapendo akaingia na fimbo yake, akakaa kitandani, akasema, "Hapa sitapanda ngazi tena mpaka Mungu aniite." Yetu ilikuwa haijajengwa. Tungesaini kwanza, ndipo wajenge.

Kontra, ule mkataba wa nyumba, ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi. Riziki akanisogezea. "Soma, kaka. Weye ndiye msomi wetu."

Mama, Kifaransa nilikisoma mpaka diplome. Kiingereza changu ni cha kusukuma vitanda hospitalini. Lakini wote wawili walikuwa wananiangalia. Bei nilielewa, tarehe nilielewa. Kwenye ukurasa wa kumi na moja maneno yakanishinda. Nikakaza macho kama mtu anayefikiri.

"Hapa wanasema nini?" Riziki akauliza.

"Mambo ya kawaida," nikasema. "Ya kampuni."

Nikafunua ukurasa mwingine. Madamu wa kampuni akasema tunaweza kubeba karatasi nyumbani, tumuonyeshe avoka, yaani wakili, turudi wiki inayofuata. Hayo niliyaelewa vizuri sana, na sikuwatafsiria. Niliogopa avoka angegundua kwamba sijui. Tukasaini palepale.

Siku ya kupewa funguo tulivaa nguo za ibada. Riziki akafungua mlango. Pale pa chumba cha kulala, wamejenga gereji. Vyumba vyote juu. Bafu juu. Mama Mapendo akasimama chini ya ngazi, akauliza kwa upole, "Changu kiko wapi?"

Tulipolalamika wakatuonyesha ukurasa ule: kampuni inaweza kubadilisha ramani bila kumuuliza mnunuzi. Ndipo tukaenda kwa avoka. Akauliza ni nani alitusomea kontra. Riziki hakunitaja, aliangalia viatu vyake. Nikainua mkono. Avoka akasema tungefika kwake kabla ya saini, angeandikisha sharti moja tu, kwamba chumba cha chini hakiguswi, na ramani ingeshikizwa kwenye kontra. Amewaandikia kampuni. Wamejibu kwamba saini yetu iko pale.

Sasa Mama Mapendo analala kwenye salon, pale pa kupokea wageni, nyuma ya pazia, na anaoga kwa beseni jikoni wengine wakitoka. Akikupigia anasema nyumba ni nzuri. Ananificha, Mama.

Juma lililopita nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, hata habari ya avoka niliyoificha. Akaegeza fimbo yake ukutani, akasema:

"Leta hiyo karatasi. Unisomee sasa."

"Mama mudogo, iko Kiingereza."

"Najua. Nisomee."

Nikamsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili chetu. Mahali fulani nikakwama. Nikasema, "Hapa sielewi."

Akaweka mkono wake juu ya karatasi. "Neno hilo tu, mwanangu. Siku ile nilihitaji neno hilo tu."

Hakunifukuza. Chakula ananipa. Lakini barua zake za hospitali sasa anampelekea jirani amsomee.

Nisalimie dada yangu mkubwa, yaya Furaha, na watoto, mjomba wetu anayelima mpunga kule Sange, na mama mchungaji. Wakikuuliza habari ya nyumba, usinifunike. Na usiniombee msamaha kwa mdogo wako. Acha niutafute mwenyewe, hata msamaha wenyewe ukichelewa.

Ni minye mwanao, mwenye haya mbele yako,

Bahati