Kila Ijumaa Narudi na Nadharia Mpya

Bi Mwanahawa mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nacheka huku nimekwama.

Mimi ni msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja hapa The Pearl, kisiwa cha mahoteli huku Uarabuni, nina watu sita, na kila Ijumaa nasoma kozi ya uongozi, sasa kosa langu ni kwamba kila ninachofundishwa nakifanya Jumapili yake, na mwalimu anafuata historia, kwa hiyo wiki ya kwanza tukasoma wale wa zaidi ya miaka mia iliyopita waliopima wafanyakazi kwa saa, nami nikapima kila kitanda kwa simu hadi Jebet, Mkenya wetu, akaniuliza, "Madam, unapima kitanda ama unapima pumzi yangu?" Wiki ya pili ikawa kile kiwanda walikobadilisha mwanga, taa zikizidi kazi inapanda, zikipungua inapanda, kumbe watu walifurahi kuangaliwa tu, basi nikabadilisha taa za stoo mara tatu wakadhani umeme una hitilafu. Ya tatu ikaja ngazi ya mahitaji, kwanza tumbo, kisha usalama, kisha kupendwa, nikawalisha maandazi halafu nikamuuliza Iddi kama anapendwa, akasema, "Na nani, dada? Nionyeshe nimfuate."

Lakini Bi Mwanahawa, vyumba vyetu vinang'aa kuliko vya ghorofa zote, tunamaliza mapema, tunakaa juu ya marobota ya mashuka tunakunywa karak, chai nzito ya maziwa, nao wananidai, "Mwalimu kasemaje juzi?" tunabishana mpaka machozi ya kicheko, na Jebet ananiandikia maswali nimpelekee mwalimu. Sasa meneja ameiona orodha yangu ya dakika, anataka Alhamisi niwaeleze wasimamizi wote ili hoteli nzima ipimwe kwa saa, na amenidokeza cheo ambacho nimekitamani miaka minne. Ninyamaze nikipokee?

Saida, mtaa wa Najma

Saida mwanangu, nimecheka hadi nikamwaga chai, kisha nikakasirika. Umewajaribia watu wazima kila dawa ya dukani bila kuwauliza wanaumwa wapi. Shukuru wana moyo.

Saa uliitumia wiki moja ukaiacha, na meneja hajui. Ukinyamaza, watu wa ghorofa zote watahesabiwa hata dakika za chooni, na utakuwa umewatia matatani wewe. Halafu husomi barua yako mwenyewe? Wanakimbiza kazi wawahi darasa lenu la chai. Umewachukulia kuwa watu wenye akili, nao wamefurahi.

Leo hii waombe radhi, kisha waulize kwa nini wanamaliza mapema, na usiwakatize. Alhamisi nenda na Jebet, azungumze yeye. Wewe sema waziwazi kwamba saa haikufaa, na uombe hoteli imwandikishe kwenye kozi hiyo.

Meneja anaweza kununa na cheo kikaenda kwa mwingine. Utalia siku mbili, halafu Jumapili utaingia stoo ukute watu sita wanakusubiri. Ila usimuulize meneja yeye husubiriwa na nani, maana cheo bado unakitaka.