Foto Uliyoniomba Nikiwa Peke Yangu

Nsimire, mutoto wangu,

Hii barua naiandika kwa mukono, ndani ya kaye yako ya zamani ya shule yenye ilibakia kurasa safi. Nikimaliza nitazipiga foto nikutumie, juu kuandika ndani ya telefoni kunanishinda, kidole changu kimoja kinagusa herufi tatu. Usicheke makosa. Unajua nilifika mwaka wa tatu tu wa masomo, na hata ule sikuumaliza.

Tangu nikutumie ile foto ya wamama wa kwaya, unaniandikia maneno mafupi. «Bonjour maman.» «Niko bien.» Basi. Uliniomba foto yangu nikiwa peke yangu, uitie kwa ukuta wa chumba chako huko Kampala, na mimi nikakutumia wamama kumi na wawili waliovaa kikwembe cha namna moja, mimi nyuma kabisa, kichwa tu. Ulijibu: «Sawa, maman.» Ile sawa naijua. Uliisema pia ile siku ulikunja shuka.

Sikukutumia vile kwa kukudharau. Nataka uelewe.

Wakati papa yako alikufa, tulitafuta foto ya kuweka juu ya sanduku la kumuzika, hatukupata hata moja yenye alikuwa peke yake. Tukakata ile ya ndoa ya shangazi yako kule Mumosho, na mukono wa mutu mwingine ukabaki kwa bega lake. Watu waliokuja kwa kilio walikuwa wanaulizana pole pole: «Huu mukono ni wa nani?» Ulikuwa na miaka kumi na tano. Haukulia, uliangalia tu ule mukono. Kutoka siku ile, mimi nikaona foto ya mutu peke yake inangojea sanduku. Nikisikia tu mutu anasema «Maman, simama pale nikupige», namuvuta jirani kando yangu. Hata mbuzi ningemuvuta.

Na wewe ndipo ulianza kujipiga foto. Hapa hapa, ndani ya saloni ya nyumba yetu ya Cimpunda, yenye mutu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili. Ulijifunza wapi, sijui. Ulisema jua la dirisha letu linapita katikati ya nyumba za majirani kwa muda wa saa moja tu asubuhi, basi kila kitu kilipaswa kuwa tayari mbele jua lifike. Ulitundika shuka nyeupe kwa dirisha juu mwanga mukali, ulisema, unakata uso kama kisu. Uliegemeza telefoni kwa mukebe wa maziwa wenye ulijaza muchanga. Unaigusa, inaanza kuhesabu, unakimbia kwa kiti, unageuza bega, unaleta kidevu mbele kidogo. Kha! Imepiga. Unarudi, unaangalia, unakasirika, unaanza tena. Mara ishirini, mara makumi matatu. Mutoto mumoja anapigana vita na kiti.

Mimi nilikuwa mufanyakazi wako. Kazi yangu ilikuwa kushika ile sinia kubwa yenye nilikuwa napelekea samaki wadogo wa sambaza sokoni Kadutu, ili mwanga wa dirisha urudi kwa upande wa giza wa uso wako.

«Juu kidogo, maman. Hapana, sasa umeniunguza. Geuza.»

«Hivi?»

«Hivyo. Ee maman, huu mwanga unanuka samaki!»

«Na wewe umekula nini mpaka ukakuwa mukubwa hivi? Kaa!»

Tulicheka mpaka sinia ikaanguka, na ile foto ilitoka ukifungua kinywa, macho yamefungwa. Uliifuta. Ningejua, ningekukataza.

Ulinifundisha bila kujua unanifundisha. Mikono ipewe kazi, juu ikikosa kazi inakuwa kama ya mutu anangojea polisi. Mutu asikae wima kama mulingoti. Na ndani ya macho kutafutwe ile nukta ndogo nyeupe ya dirisha. «Kama nukta haiko, maman, foto imekufa.» Nilikuwa naitafuta ndani ya macho yako, nikishika sinia, na naiona. Hapo ndipo nilikuwa naweza kukuangalia muda murefu bila wewe kuuliza: «Maman, kuko nini?»

Sasa ile siku. Nyumba ya foto yenye ulikuwa unafanya kazi ilikuwa imefungwa, watu wengi walikuwa wanatoka mujini juu ya vita, na sako yako ya nguo za kwenda Kampala ilikuwa mulangoni. Uliamuka mapema, mbele yangu. Nilikuta shuka kwa dirisha, kiti mahali pake, sinia imeegemezwa kwa ukuta bila mutu wa kuishika. Ukasema: «Ikala hapa kwa kiti, maman. Foto moja tu.» Na mimi, na ule moyo wangu wa woga, nikasema: «Unataka kunizika kabla ya kwenda?»

Uliniangalia. «Sawa, maman.» Ukatoa shuka, ukaikunja mara nne, ukaiweka juu ya kiti. Nilikusindikiza mpaka kwa basi, nikakupa mihogo ya njiani, nikakuuliza kama umevaa soksi. Juu ya foto sikusema kitu.

Mutoto wangu, nyumba iko kubwa. Nilikuwa nalia kila siku kwamba iko ndogo. Sasa napika mboga ya sombe ya watu wawili, kesho yake naipasha, kesho kutwa naipasha tena. Kwa video uso wako unakatika vipande vipande, mara kinywa, mara dari. Wiki mbili zilizopita nikajiambia: huyu mutoto hakukuomba kitu kigumu. Nikatundika shuka.

Ya kwanza nilikaa nikipa dirisha mugongo, nikatoka mweusi kama makala ya jiko. Ya pili ni sikio. Zingine nyingi ni kiti tu, juu magoti yangu hayakimbii kama yako, telefoni inamaliza kuhesabu ningali njiani. Nikaanza kuhesabu nayo kwa sauti. Maman Riziki, jirani wetu, akaingiza kichwa mulangoni:

«Maman Nsimire, uko unasema na nani?»

«Na telefoni.»

«Inakujibu?»

«Inahesabu tu.»

«Na huo unga wa poda kwa uso? Sema tu kweli, unatafuta bwana!»

Nilimufukuza na ufagio. Akataka kuja kukaa kando yangu, au anipige yeye. Nikakataa. Nikikubali akae, ni foto ya wamama tena. Akipiga yeye, atanichekesha, na wewe utaona kicheko, utafikiri niko muzima tu.

Juu hilo ndilo lilinichelewesha, Nsimire, kuliko hata kile kilio cha papa yako. Nimekonda. Si ugonjwa, usianze kutafuta basi ya kurudi! Ni kula peke yangu tu. Nilijaribu kuficha. Najua sasa kwamba nikiangalia dirisha mbele kabisa mashavu yanajaa, na nikikaa upande mifupa inatoka. Nikapiga moja ya mbele, nimejifunga kitambaa kizuri, ninacheka. Ilikuwa nzuri. Nilipoiangalia nikaona ni mama wa mutu mwingine. Na wewe unajua mwanga, ungejua mara moja kwamba nimejificha. Ungebaki huko unajiuliza ninaficha nini.

Basi leo asubuhi nilikaa upande. Bila unga. Mikono niliipa kazi, nilikuwa nachambua mboga ndani ya sahani, ndiyo maana utaona majani kwa magoti. Nilisahau kucheka. Telefoni ilipofika mwisho wa kuhesabu, nilikuwa nafikiri kama huko kwenu kunanyesha. Nukta iko kwa jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia sikuiona, nimetafuta sana.

Nimeituma mbele ya hii barua, iko peke yake. Sina tena woga wa ile foto. Woga wangu ni ule ukimya wako, na kwamba utakaa siku nyingi ukifikiri mama yako alikunyima uso wake.

Usinijibu kwamba iko nzuri. Usinirekebishe kidevu. Piga simu tu, hata kama sura inakatika, uniambie leo umekula nini, na nani alikuwa kando yako ukikula.

Mungu akulinde huko kwa watu.

Ni mimi, mama yako