Kibao Namba Kumi na Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lake limetulia tangu mlipoacha ile dawa ya kuchua inayonuka kama mafuta ya taa. Mimi mwili mzima. Mengine utayasoma.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nitapata upenyo wa kubishana. Hamkuniita Pilipili bure.

Chuo kinabomoa jengo la zamani la maabara, na sisi mafundi umeme tumepewa kazi ya kuteremsha vile vibao vya kijani vya KUTOKEA vilivyokuwa juu ya milango. Havina waya wala betri. Ndani mna vijiti vya kioo vyenye gesi ya mionzi kidogo, ndiyo inayovifanya viwake vyenyewe. Havitupwi jalalani, maana huko kioo huvunjika na gesi ikaishia kwenye maji ya watu. Hurudishwa kiwandani kimoja kimoja, kwa namba. Mkaguzi wa mionzi, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitandika blanketi mezani akaanza kuita namba. Kwenye daftari la ghala vilikuwa ishirini na vinne. Mezani, ishirini na vitatu.

Nami, katibu wa chama cha wafanyakazi, sikungoja hata chai ipoe. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimebandika ubaoni kurasa mbili juu ya mtunza ghala anayening'iniza funguo hamsini kiunoni lakini hawezi kulinda kibao kimoja. Watu walisoma wakashika mbavu. Uongozi ukapata ulichokuwa ukikitafuta: Mzee Funguo, aliyebakiza miezi minne astaafu, akasimamishwa kazi.

Alipokuja kuchukua kikombe chake, akisema hajapoteza kitu, nilimwambia mfa maji haachi kutapatapa. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama mimi, msomi wa magazeti yote, nilikuwa nimesoma ni namba ipi iliyokosekana.

Sikuwa nimeisoma. Nilikwenda kuitazama ili nimrudie na jibu la kumnyamazisha. Kumi na tisa: mlango wa karakana yangu mwenyewe.

Mdogo wangu, mwizi ni mimi. Kibao chenyewe ni kile kilichoko kwenye korido yenu ya chooni. Nilikichukua kikiwa kipya, kabla hakijatundikwa, mwaka ule Mama alipoanguka gizani akienda chooni, nikawaambia nimepewa kazini. Mnakumbuka alivyocheka, akasema hicho choo chetu kweli kinahitaji kibao cha kutokea, maana wewe ukiingia hutoki. Miaka kumi na moja sasa. Kwangu kilikuwa kimeshakuwa cha Mama, na niliposikia kibao kimeibiwa, sikukifikiria hata kidogo.

Nimekiri kwa mkaguzi na kwa mkuu wa chuo. Nimebandika kurasa mbili nyingine ubaoni, mahali palepale, na ukatibu nimeuacha. Mzee Funguo amerudi ghalani. Mimi nangoja barua yangu ya kuachishwa kazi.

Jumamosi tunakuja, mimi, mkaguzi na Mzee Funguo. Amesema mali ya ghala ataipokea kwa mkono wake. Msikifungue wala kukigusa. Kikiwa kizima hakijawadhuru. Kikianguka, fungueni madirisha, tokeni nje, mnipigie. Nitaleta taa ya betri kwa ajili ya korido.

La mwisho. Mkaguzi anasema mwanga wa vibao hivi hupungua kila mwaka. Ndani ya miaka kumi na miwili hubaki nusu. Mama amekuwa akiyapima macho yake kwa kibao hicho. Kila mwaka alisema hakioni vizuri, nasi tukamjibu ndio uzee, mpaka akakupa cherehani yake. Huenda macho hayana kosa. Kabla hatujafika, mpe sindano na uzi, umkalishe dirishani.

Msalimie Mama sana, na shemeji, na watoto. Mama mwambie barua hii aisome mwenyewe.

Kaka yako,
Pilipili