Dereva wa Treni wa Ihanda

Jumapili, 5 Julai 1981
Baada ya misa nimepeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mzee Polikarpi, baba yake Vestina ninayemposa. Nilikusudia kusema machache. Nikasema mno! Kwamba kule Kenya, kabla Jumuiya haijavunjika, tulipandisha mabehewa ya mizigo milima ya Mau kwa injini ya mvuke, na kwamba mwendeshaji nilikuwa mimi. Uongo mtupu. Nilikuwa mtia moto – nafungulia mafuta, natupa mchanga tanuruni kuondoa masizi, nakohoa. Lakini Vestina alikuwa mlangoni anasikiliza. Ningefanyaje?

Jumanne, 7 Julai
Ihanda nzima inaniita Dereva. Nami naitika, tena kwa sauti nene. Mshenga wangu Telesfori anasema mzee amelainika.

Alhamisi, 9 Julai
Balaa! Dereva wa lori la chama cha kahawa ana malaria. Mzee Polikarpi, ambaye ndiye mwenyekiti, amewaambia wajumbe kwamba kesho mkwe wake atapeleka magunia Bukoba. Mkwe! Mara ya kwanza ananiita hivyo, na huenda ikawa ya mwisho.
Nimemweleza Telesfori kwamba treni haina usukani. Hakuamini. Akauliza kona inakatwaje. Nikasema reli ndiyo inayokata.
"Sasa wewe kazi yako ilikuwa nini?"
Nimeona aibu mpaka masikio.

Ijumaa, 10 Julai
Nimo ndani ya lori. Magunia nyuma, watu juu ya magunia, mzee pembeni yangu na kanzu yake ya Krismasi. Mbele ni mteremko wa Kiruruma. Nimemwambia kwamba watu wa reli huandika kwanza ndipo waondoke. Amekubali kwa heshima kubwa – maskini mzee wa watu!
Injini inanguruma. Miguuni kuna vikanyagio vitatu. Naogopa, wala si kidogo.
Mzee aliposhuka kukagua kamba, Vestina alikuja dirishani. Akauliza polepole breki ni ipi. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa: siyo hiyo. Lori hili amelipanda mara nyingi, anajua.
"Mume muongo nitamvumilia," akasema. "Baba ninaye mmoja tu."
Akaondoka bila kugeuka. Mzee amerudi, amefunga mlango, amepiga ishara ya msalaba. Sasa anauliza kama nimemaliza kuandika.
Bado, Tata. Bado kidogo –